Moshi Ndani ya Gari la Viazi

Makambako, Jumatano jioni

Mama yangu mpenzi,

Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tumefika hapa hoi. Tulipata gari kuukuu lililopakia viazi, dereva akatukalisha mbele. Kwa baridi ile ya Njombe nikafunga vioo vyote, kama ulivyoniagiza, upepo usimguse mjukuu wako. Kumbe moshi wa gari ulikuwa unapanda kutoka chini ya miguu yetu. Kichwa kikaniuma, nikadhani ni uchovu tu. Lukelo naye akanyamaza, shingo ikalegea. Nikampa ziwa, hakulishika.

Nikampigia dereva kelele, "Baba, simama! Mtoto hanyonyi!"

Tukashuka mbio. Nikampepea pale barabarani huku namwita, mpaka akapiga chafya, akalia. Mama, sijapata kusikia kilio kitamu hivyo.

Dereva akaingia uvunguni mwa gari, akakuta bomba la moshi limepasuka na sakafu ina tundu. Bomba akalizungushia kipande cha debe, akakaza kwa waya. Tundu akaliziba kwa gunia na udongo.

"Mama, ukifunga kioo tena nakupandisha juu ya viazi," akaniambia.

"Nipandishe tu, baba, mradi huko kuna hewa."

Kesho tunaendelea Iringa, baba yake Lukelo amwone mwanawe kwa mara ya kwanza. Macho yananiuma, nimechoka mpaka mifupa. Lukelo ananyonya kwa nguvu, hata ananing'ata, nami namwachia tu. Ulale unono, Mama, usitulilie.

Mwanao akupendaye,
Mama Lukelo