Mlango Ulio Nyuma ya Mrefu

4 Machi

Kwa Mshiriki Namba 214,

Natumaini waraka huu unakukuta ukiwa na afya njema, pamoja na wote wanaokuzunguka. Sisi huku hatujambo.

Mimi ni Katibu wa Maoni wa Vidole Vitano, kikundi kinachocheza michezo ya kompyuta mubashara mtandaoni kwa michango ya mashabiki wake. Wanne wanacheza, mimi, kidole gumba, nashughulikia dodoso. Kwenye swali la tisa, "Ungependa tuboreshe nini?", washiriki wengi waliandika kuhusu mwanga, sauti, na ulimi wa Kapteni, kiongozi wetu, ambao kwa kweli unahitaji breki. Wewe uliandika maneno matatu tu: "Msizibe ule mlango."

Ningeshukuru kupata ufafanuzi, kwa kuwa nimekusudia kila maoni yapate jibu la maandishi. Naomba pia nikufahamishe mafanikio yaliyopatikana tangu tuhamie nyumba hii mwezi wa Januari. Mashabiki walilalamikia kelele za nje: wageni, pikipiki, kuku wa jirani. Kwa pendekezo langu tumeweka programu inayofuta kila sauti isiyo ya wachezaji, na nimebandika tangazo mlangoni ili tusisumbuliwe tukiwa hewani. Malalamiko yamepungua kwa asilimia themanini na moja. Hatua inayofuata, kwa kura ya mashabiki wenyewe, ni pazia jeusi litakaloficha mlango huo.

Wako mtiifu,
Katibu wa Maoni
(Shahada ya Mawasiliano, Daraja la Kwanza)

9 Machi

Mwanangu Katibu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila miguu inanung'unika kila nikiinuka. Wewe hujambo? Umekula? Maana barua yako imenyooka kama kola iliyopigwa pasi, na watu wa namna hiyo husahau kula.

Usiniite namba. Niite Mama Fundi, ndivyo nilivyoitwa mtaa huohuo mnaokaa. Hicho chumba mnachochezea nilishonea sare za shule miaka kumi na tisa. Ile ndoano juu ya mlango niliipigilia mimi, ya kutundikia nguo zilizokamilika. Nyumba ilipouzwa, miaka miwili iliyopita, nikaja huku kwa dada yangu, safari ya siku mbili. Binti yake ni shabiki wenu. Siku moja nilikuwa nafunga pindo, nikatupa jicho kwenye simu yake, nikauona mlango wangu nyuma ya yule kijana wenu mrefu. Sindano ikanichoma.

Tangu hapo kila mkiingia hewani nipo. Mchezo wenyewe siuelewi. Mtu anakimbia, anapigwa, anakufa, kisha anasimama anajikung'uta. Nawaonea wivu mama zao. Mimi natazama mlango. Mwanangu wa pekee alitoka kwa mlango huo miaka tisa iliyopita, akiwa na miaka kumi na sita, hajarudi. Hajui nilikohamia. Nilimwachia maagizo muuza duka wa mkabala, naye akahama. Akirudi atarudi hapo, maana hana kwingine anakokujua.

Basi nauliza: tangu muingie, kuna mtu amekuja kubisha? Na hilo pazia, tafadhali, lisubiri kidogo.

Mama Fundi

13 Machi

Mama Fundi mpendwa,

Shikamoo. Nimefarijika kusikia u mzima, na nakuombea nafuu ya miguu. Mimi nimekula, asante kwa kuuliza. Hakuna mshiriki mwingine aliyewahi kuuliza.

Suala la pazia nililiwasilisha kikaoni. Kapteni alisema, "Msomi, mashabiki ndio wanaotulisha. Huo mlango umewahi kutuchangia nini?" Nikamjibu kwamba anayeutazama mlango naye ni shabiki. Akacheka, akasema wasomi tuna maneno, kisha akakubali tungoje mwezi mmoja.

Kuhusu swali lako, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nimesikiliza kanda zetu zote tangu Januari, saa hamsini na nane, kwa kasi maradufu, huku nikiandika kila sauti. Naweza kukuhakikishia, bila shaka yoyote, kwamba hakuna aliyebisha. Natambua si jibu ulilolitamani, lakini niliona heshima ya pekee ninayoweza kukupa ni ukweli.

Wako mtiifu,
Katibu wa Maoni

15 Machi

Mwanangu Katibu,

Hujambo. Sisi wazima.

Asante kwa kazi uliyoifanya. Nimekuamini. Ila nina swali moja, unisaidie.

Tarehe kumi na moja Februari, saa kumi alasiri, mlikuwa kwenye ule mchezo wa magari. Yule mrefu aligeuka akautazama mlango, akarudisha uso mbele. Punde akageuka tena. Mara ya tatu aligeuka akabaki ameuelekea, mpaka gari lake likaanguka na wenzake wakamzomea. Nimeirudia mara nyingi, simu nimeibana sikioni. Hakisikiki kitu.

Mwanangu, alikuwa anasikia nini?

Mama Fundi

6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vyema nyote.

Nisamehe kwa kimya cha wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa nalitafuta jibu. Mbili zilizofuata nilikuwa nalo.

Nilikuhakikishia kitu nisichokijua. Kanda nilizosikiliza zilikuwa zimekwisha kusafishwa na ile programu niliyojivunia kwako. Kanda ghafi, jinsi kipaza sauti kilivyozinasa, hubaki kwenye kompyuta ya Kapteni, na sikuwahi kufikiri kuzifungua. Nimeifungua ya tarehe kumi na moja Februari. Mama, kuna hodi tatu. Ni sauti ya mwanamume. Ya kwanza na ya pili ni za kawaida, za mtu anayetarajia kuitikiwa. Kisha kuna kimya. Ya tatu ni ya chini sana, kama mtu anayejisemea.

Nilimuuliza Mrefu. Hakunitazama. Alisema, "Nilimsikia. Lakini sheria si yako, Msomi? Hakuna kuinuka tukiwa hewani." Ni yangu.

Nilivuka barabara nikamuuliza muuza duka wa sasa. Anamkumbuka: kijana wa miaka ishirini na kitu, begi begani, viatu vimejaa vumbi. Alibisha mara mbili, akainama kusoma tangazo letu, akasimama pale kitambo kirefu, akabisha tena. Kisha akaondoka bila kumuuliza mtu lolote. Tangazo niliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa ili lisomeke kwa mbali. Linasema: USIBISHE HODI. HATUTAFUNGUA.

Naambatisha sauti hiyo. Wewe ndiye utakayejua kama ni yeye.

Sijui nijitie saini vipi leo.

Katibu

19 Aprili

Kijana wangu,

Hujambo. Saini ilikutatiza, basi jitie saini hivyo nilivyokuita.

Nimeisikiliza. Siku ya kwanza mara arobaini, kisha nikaacha kuhesabu. Sijui kama ni yeye.

Nakuandikia hili kwa aibu. Mama gani huyu asiyeitambua sauti ya mwanawe? Lakini niliyonayo mimi kichwani ni ya miaka kumi na sita, ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika, leo nzito, kesho nyembamba, tukimcheka. Hii ni ya mtu mzima. Dada yangu anasema ndiye, kwa kuwa anataka nilale usingizi. Binti yake anasema siye, kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo sikukwambia. Mwanangu alikuwa akishinda kwenye banda la michezo kama hiyo yenu, hata siku ya mtihani akawa huko. Alipokuja kuchukua nguo zake nilimwambia: usibishe tena hodi hapa, sitakufungulia. Tulikuwa wawili tu chumbani. Sikuwahi kumweleza mtu, hata dada yangu. Miaka tisa nimeyafungia kifuani maneno hayo, nawe uliyatoa wapi, kijana wangu, ukayabandika mlangoni mwangu kwa herufi kubwa? Kama ni yeye, alikuja kutoka huko alikokuwa akayakuta palepale yanamngoja. Na ndani akasikia mchezo ukichezwa, na watu wakicheka.

Sikulaumu. Maneno ni yangu, wewe uliyaandika tu. Sasa niandikie mengine: "Mama hakai hapa tena. Bisha hodi, utafunguliwa, utaelekezwa." Jina usiweke. Aliye wangu atajua. Na kama siye, basi huyo naye ana mama yake, mpeni maji ya kunywa.

Mama

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Binti ya dada yako ameniambia umeanza kutembea hadi kituo cha basi na kurudi. Usiiharakishe.

Tangazo lako lipo mlangoni tangu siku ile. Pazia halikutundikwa. Programu nimeiondoa, na kuku wa jirani wamerudi hewani. Yupo shabiki aliyewapa majina. Mrefu amebadilisha kiti, sasa anacheza akiwa ameuelekea mlango, na anashindwa kila mchezo.

Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, tulisikia hodi. Hakuna aliyetoa amri. Tuliinuka sote watano kwa pamoja, magari manne yakapinduka mbele ya mashabiki elfu mbili, tukafungua. Alikuwa msoma mita za maji. Alitutazama tulivyosongamana pale, akauliza kwa upole kama tuna msiba. Kapteni akamwambia, "Hatuna, mzee, karibu," kisha akaenda jikoni, akakaa huko peke yake. Hatukumsikia akitukana siku nzima.

Mashabiki walidai kuelezwa. Kwa ruhusa uliyotupa kwenye simu, Mrefu aliwaeleza kwa maneno machache, bila kukutaja. Leo dodoso la mwezi limerudi. Watu mia tatu na kumi na wawili hawakusema chochote kuhusu mwanga wala sauti. Kila mmoja kwa namna yake ameuliza jambo moja: Amekuja?

Nimewajibu mmoja mmoja, kwa mkono wangu. Nimeandika "Bado" mara mia tatu na kumi na mbili, Mama, na hata ile ya mwisho mkono ulikuwa haujaizoea.

Kijana wako