Nashipai Amekanyaga Nyasi

Alhamisi. Jua kali, na ule upepo wetu wa Kitengela unaotia vumbi hadi kwenye sufuria.

Leo nimelia kazini mbele za watu, na sioni haya.

Mnaosoma hapa mnajua mimi ni mpishi katika makao ya wanyama waliookolewa, huku nje ya mji. Napikia wafanyakazi, halafu nakata nyama ya simba na chui. Na nimewahi kuwaambia habari ya Nashipai, simba jike aliyeletwa kutoka Rongai. Bwana fulani alimfuga nyuma ya nyumba tangu akiwa mdogo, kwenye kizimba cha simiti, ili wageni wapige picha.

Alikuja kwetu hajui nyasi ni nini.

Chumba chake kiko na mlango unaofunguka kwenye uwanja mkubwa wenye nyasi na migunga. Kila asubuhi tunaufungua. Anafika pale simiti inapoishia, ananyoosha mguu mmoja, nyasi zikimgusa anaruka nyuma kama amekanyaga makaa. Parsaloi, anayewalisha, amemwekea nyama nje. Amemwekea hata gunia la mavi ya punda milia, ili harufu imvute. Wapi!

Wiki iliyopita daktari wetu wa wanyama alituita kando. Miguu ya nyuma inakauka, akasema. Asipotembea, karibuni hatasimama tena. Aliposema hivyo hakutuangalia usoni.

Basi nikaomba. Kina mama wa kanisa letu pale Noonkopir walinicheka: "Mama Nekesa, kwani wagonjwa wa miguu miwili wameisha?" Nikawajibu kwamba Mungu aliyefunga vinywa vya simba kwa ajili ya Danieli hashindwi kuwafungua miguu.

Nikikata nyama huwa naimba, na dirisha langu linatazamana na chumba chake. Yeye husikiliza, masikio mbele. Parsaloi hunitania, "Simba wako ameokoka, mama. Ndiyo maana hataki kukanyaga dunia."

Sasa leo.

Asubuhi nilifua kitambaa changu cha kichwa, kile cheupe cha sare ya kina mama, nikakianika kwenye waya nyuma ya jikoni. Nilidhani fundo moja linatosha. Upepo ukakibeba, ukakipitisha juu ya ua, kikatua katikati ya nyasi za Nashipai.

Nikapiga nduru. Parsaloi akaja mbio akidhani nimejikata kisu.

"Kitambaa changu cha kanisa!"

"Nyamaza, mama. Angalia."

Nashipai alikuwa mlangoni, ananusa. Kitambaa cha mpishi hata ukifue vipi hakiishi moshi. Nafikiri alininusa mimi.

Mguu mmoja. Akauinua juu, akaukung'uta kama paka aliyemwagiwa maji. Akaurudisha chini. Mguu wa pili. Tumbo karibu liguse ardhi, miguu ya nyuma ikiyumba, akaenda. Akaenda!

Akafika, akakilalia.

Halafu akajigeuza chali, miguu yote juu, akijikuna mgongo kwenye nyasi kama punda.

Daktari naye alikuwa amefika, amesimama nje ya ua, ameshika waya wake kwa mikono miwili. "Asikimeze tu, jameni, asikimeze," akasema, huku anacheka na machozi yanamtoka. Hakukimeza. Alikitafuna pembeni tu, na nyama yake ya leo aliila huko huko nje. Akatembea, akalala, akatembea tena.

Parsaloi alinigeukia akanisalimia upya kwa Kimaasai, "Takwenya!", kana kwamba ndiyo kumekucha.

"Iko!" nikamjibu, nikalia hapo hapo.

Sasa niko na shida moja ndogo. Mwenyekiti wa kina mama ni mkali sana kwa mambo ya sare, na kitambaa sitakidai. Jumapili nitasimama wakati wa ushuhuda na leso ya jikoni kichwani. Wacha wanong'one kwanza.

Wakimaliza, nitawaambia ni nani amekilalia.