Nyumba Tupu ya Mama Mdogo Moreen

Kyambogo, Kampala
Alhamisi jioni

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Khaemba, na nyingine umpe baba akirudi kutoka shambani. Natumaini goti limepoa, na kwamba zile dawa unazimeza, si kuzihifadhi kabatini pamoja na sahani za wageni. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio siwezi kuusemea, na sababu utaipata ukisoma polepole mpaka mwisho.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote nikaishia kuuliza habari za ng'ombe. Kuna maneno siwezi kuyatamka huku nasikia sauti yako. Kwa hiyo barua hii nimempa Tarcisio, jirani yangu wa hapa, anayepanda basi la Bungoma kesho asubuhi. Ameahidi kukukabidhi mkononi kabla hajafika kwake.

Unakumbuka likizo ya mwaka wa kwanza, nilipokuchorea kwenye vumbi ile mistari miwili inayokatana, mmoja wa wanunuzi na mwingine wa wauzaji? Uliniambia kwamba wanawake wa sokoni walikuwa wanayajua hayo kabla sijazaliwa. Sasa namalizia shahada ya pili ya uchumi, na mistari imekuwa mingi mpaka kompyuta ndiyo inayoichora. Huku juu mtu haitwi mtu tena, anaitwa safu moja katika jedwali. Wala silalamiki. Niliipenda kazi hii, mama, na niliiweza.

Mdogo wako, Mama Mdogo Moreen, ndiye aliyenilisha miaka yote hii. Bado anaishi katika chumba kile cha Bwaise kando ya mtaro, na bado anauza chapati za mayai mlangoni. Mvua ikiingia ndani anainua kitanda, anahamisha jiko, anaendelea kukaanga. Kila Jumamosi ananitania. Juzi aliniuliza kama kati ya maprofesa wetu yuko hata mmoja aliyewahi kukanda unga, akasema ikiwa uchumi ni elimu ya kugawa kisichotosha, basi yeye wampe joho bila mtihani. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Mwezi wa sita Daktari Odyek, anayesimamia tasnifu yangu, alitupatia kazi mimi na mwenzangu wa darasani, Akwero. Kulikuwa na ofisi iliyotaka kupanua mtaro wa Bwaise, nayo ilitaka kujua ni watu gani wanaishi kando yake. Wao wangepata orodha ya nyumba, sisi tungepata takwimu za tasnifu. Akwero alichukua upande wa barabara, mimi nikachukua upande wa maji. Kila mlango ulikuwa na namba, na kila namba na fomu yake kwenye simu.

Hapa sasa usome kwa makini. Sheria ya kazi hii ni kwamba humhoji ndugu yako, kwa sababu atakujibu kwa mapenzi. Mlango wa kumi na saba ulikuwa wa mama mdogo. Ilinipasa kumwita Akwero aje amhoji yeye. Lakini jua lilikuwa kali, Akwero yuko mbali, na ile fomu haikubali kwenda kwenye mlango wa kumi na nane kabla hujamaliza wa kumi na saba. Ilitoa majibu matatu: yupo, amekataa, nyumba tupu. Ukisema yupo, maswali sitini yanakungoja. Ukisema amekataa, lazima uandike maelezo. Nikabonyeza nyumba tupu. Fomu ikajifunga papo hapo, nami nikaingia ndani kwa mama mdogo nikala.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya hapo, kila nilipobisha mlango wa kibarua aliyekwishatoka alfajiri, ilinipasa kurudi jioni, nami nilichoka kurudi. Nyumba tupu. Nyumba tupu. Sikuona ubaya, maana darasani tumefundishwa kwamba safu isiyo na majibu unaiondoa kabla ya kupiga hesabu, na haimdhuru mtu. Nikaziondoa, hesabu zikanyooka, Daktari Odyek akanisifu mbele ya wenzangu. Sikukumbuka hata mara moja kwamba ofisi ile inayo orodha nzima.

Wiki tatu zilizopita walipita watu na rangi nyekundu. Walioandikwa kuwa wapo walipewa barua na muda wa kuhama, pamoja na fidia kidogo. Nyumba tupu zilipigwa alama ya msalaba tu. Nani angepewa barua?

Jumatatu wiki hii Akwero aliniambia habari nyingine. Baba yake, Afande Odoch, ni askari polisi, na kikosi chao kimeamriwa kulinda matingatinga Bwaise, Jumatatu ijayo alfajiri. Yataanza kubomoa nyumba zenye msalaba. Akwero aliongeza, bila kujua anamwambia nani, kwamba afadhali hizo hazina watu. Nilikwenda kuhesabu milango ile. Ni ishirini na mitatu.

Mama, hilo silo lililonishinda kulisema kwenye simu. Siku ile rangi ilipopakwa, mama mdogo aliniuliza maana yake. Nilikuwa naijua, niliona namba ya mlango wake nikaelewa yote. Niliona haya, nikamwambia ni alama ya waliochaguliwa, kwamba watajengewa ukuta wa kuzuia maji. Nikamwambia asihame hata akiambiwa na nani, asije akapoteza nafasi. Tangu siku hiyo anawafukuza watoto wanaouchezea msalaba ule. Jirani yake Halimah, ambaye alipewa barua, amekuja kuniomba kwa machozi nimfanyie mpango naye apakwe rangi.

Leo mchana nilikwenda kumwambia ukweli. Nilimkuta ameosha mlango wote kwa sabuni, ameuzunguka msalaba kwa uangalifu ili usifutike. Nikala, nikaaga.

Nilitaka kukuomba umwite nyumbani kwa kisingizio cha ugonjwa. Sentensi hiyo nimeikata, utauona wino hapo juu. Milango mingine ishirini na miwili haina dada Bungoma. Kesho saa mbili nitakuwa kwa Daktari Odyek kumweleza yote, na shahada iende inakokwenda. Ofisi ile hufungwa Ijumaa mchana, kwa hiyo sijui kama watanisikia. Kisha nitarudi Bwaise. Lakini najijua, mama. Barua ikikufikia kesho jioni, mpigie simu umsomee yote, na jina langu ulitaje. Akikubishia kwamba Khaemba alisema abaki, mwambie Khaemba alisema uongo.

Msalimie baba, ila haya usimwambie bado. Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia.

Mama mdogo naye anakusalimu sana. Anasema Desemba uje ukae kwake mwezi mzima, maji hayataingia tena.

Ni mimi mwanao,
Khaemba