Mazishi Yaliyosubiri Siku Mbili

Jumatano, Garissa. Joto limebana tangu asubuhi, na sina hamu ya chai wala ya watu.

Katika riwaya tunayosoma chuoni, mzee mmoja mfanyabiashara anafariki na mwandishi anamzika kwa sentensi moja tu. Mwalimu Wanjala alituagiza tuandike mazishi hayo aliyoyaruka. Niliandika kurasa nne bila kuinua kichwa.

Katika mazishi yangu, wazee walisubiri siku mbili ili binti afike kutoka mbali, auone uso wa babake kwa mara ya mwisho.

Jana niliisoma kazi hiyo mbele ya darasa. Mwalimu, mtu wa Bungoma, aliguswa; kwao maiti hukaa hata wiki mbili. Halima, anayeketi nyuma yangu, ndiye aliyenikata maini.

"Wallahi, siku mbili na hii joto? Kwani huyo mzee hana watu ya kumzika?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Si kwamba sikujua. Najua vizuri sana kwamba kwetu maiti hangojeshwi.

Aabo, baba yangu, alifariki Elwak mwaka jana, alfajiri. Nilipanda basi la kwanza. Tulipofika Modogashe tulikuta maji ya mvua yamekata barabara, tukakaa hapo kutwa. Jioni kaka yangu Abdi akanipigia: wameshamzika. Tangu siku hiyo nimemnunia. Salamu zake nazijibu kwa neno moja.

Leo nimekaa kuisahihisha kazi yangu, nikagundua jambo. Wazee wamo, majirani wamo, hata mbuzi wa kuchinjwa wamo. Kaka hayumo. Nilimwondoa bila hata kufikiri.

Nikampigia.

"Abdi, siku ile mlishindwa kunisubiri hata kidogo?"

Akanieleza yote.

"Walaal, tulipomkafini niliacha uso wazi. Shehe akisema tufunge, namwambia ngoja, dada yangu Fatuma yuko Modogashe, anafika. Hivyo hivyo mpaka Alasiri. Mwisho wakanitoa chumbani, wakafunga wao."

Nililia simu ikiwa sikioni, naye akasubiri tu.

Nimezifuta zile siku mbili. Nimeandika kwamba mzee alizikwa Alasiri, binti akiwa njiani, na kaka yake akaondolewa chumbani akilia. Kazi imekwisha, na ni bora kuliko ile ya kwanza.

Mwaka mzima nimemwadhibu mtu aliyenisubiri kuliko wote. Nitaanzia wapi kumwomba radhi?