Kidirisha cha Mgongoni

Jumatatu, 20 Aprili 1953
Komunyo ya kwanza ya watoto iko mlangoni! Paris nzima itataka kamera ya bei poa ya kuwapa zawadi. Plastiki ipo, lenzi zipo. Odile, fundi niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, kachukua kile kidirisha chekundu cha mgongoni mwa kamera, cha kusomea namba ya picha, akakielekeza dirishani. "Bosi, hiki chekundu kweli au waridi tu? Filamu za siku hizi kali, hunasa hata mwanga mdogo. Mwanga utapenya uharibu picha." Nikamwuliza tangu lini amekuwa profesa. Meza nzima ya mafundi ikacheka. Naye akacheka — kidogo.

Ijumaa, 8 Mei
Kamera zote zimeondoka kwenda madukani. Odile nimempa moja bure, ya Lucette bintiye. Nikajiona mwema!

Alhamisi, 14 Mei, Sikukuu ya Kupaa
Komunyo ya Lucette. Jua kali. Mzee Anselme, babake Odile, katolewa uani akiwa na suti yake. Tangu aoe hajapigwa picha, kila akiona kamera hugeuza uso. Leo kamtii mjukuu. "Haya, piga upesi kabla sijafa!" Tulicheka sana. Kisha Lucette kaiacha kamera kifudifudi mezani, kidirisha kikitazama jua, bila kusogeza filamu, picha ya babu bado iko nyuma ya kidirisha. Saa nzima tunakula keki. Niliiona. Ningeifunika na leso tu! Lakini wangeuliza kwa nini.

Jumatano, 20 Mei
Mwenye duka mmoja kanirudishia kamera sita. Picha zina doa jeupe, anasema. Nimejaribu moja mwenyewe. Kweli.

Jumamosi, 23 Mei
Tumemzika mzee Anselme. Moyo — asubuhi, akinyoa ndevu. Odile kanishika mkono. Nilishindwa kumtazama.

Jumanne, 26 Mei
Odile kaleta filamu ya siku ya komunyo. Hataki kuipeleka dukani. "Isafishe wewe, bosi. Mama keshanunua fremu ya picha ya baba."
Nimejifungia chumba cha giza. Picha nane. Lucette na shela, safi. Keki, safi. Ya nne: suti, mikono magotini, na pale penye uso, duara jeupe. Ndani yake namba 4, imesomeka vizuri kabisa.
Najuta. Najuta kile kicheko cha Aprili, najuta zaidi ile leso mfukoni.
Odile anagonga. "Bosi, baba katokea vizuri?" Nimemjibu haijakauka. Mara ya tatu hii. Nasikia anavuta kiti mlangoni, anamwambia mwenzake, "Nangoja. Mama kasema nisirudi mikono mitupu."
Picha imekauka zamani.