Kidole Gumba cha Kushoto

Jumatano, Kasese. Mvua imekatika alfajiri, jua limetoka kali, na mimi nina furaha isiyo na adabu.

Leo kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kimesogea.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni sajini wa polisi, naishi hapa kambini. Mwaka jana lori liligonga bodaboda niliyopanda karibu na Kikorongo, uti wangu wa mgongo ukaumia. Tangu siku ile, kuanzia kiunoni kwenda chini, nilikuwa kama nimeazimwa miguu ya mtu mwingine. Swali langu lilikuwa moja tu: miguu hii imekufa, au bado ina uhai?

Nilisoma sana kwenye simu. Nikajifunza kwamba neva ikikatika mkononi huweza kuota tena, kwa sababu seli zinazoizunguka huitengenezea njia. Ndani ya uti wa mgongo mambo ni mengine. Kule kuna seli za glia, walezi wa neva, na baadhi yake, zenye umbo la nyota, hujikusanya penye jeraha na kufanya kovu. Neva ikijaribu kuota, hukuta kovu hilo na kukwama.

Basi nikalichukia. Nimesimamia vizuizi vya barabarani miaka mingi, na kizuizi huondolewa.

Mama Biira, jirani yangu anayeuza chumvi ya Katwe, akasema kovu huyeyushwa. Kila jioni akawa anapasha chumvi kwenye kikaango, anaifunga kitambaani, ananikanda nayo juu ya mshono wa operesheni. Wala sikuwaza kwamba kovu la ngozi na kovu la ndani si kitu kimoja. Sajini mzima!

Jana kitambaa kikamponyoka, kikaniangukia kwenye shavu la mguu wa kushoto. Nikapiga yowe.

Tukatazamana.

"Afande," akasema Mama Biira taratibu, "umesikia moto?"

Nilikuwa nimeusikia. Uliniuma, na sijawahi kupenda maumivu namna ile. Mama Biira alipiga vigelegele mpaka askari wa zamu wakaja mbio wakidhani kuna fujo.

Asubuhi hii mimi na Mama Biira tumekwenda Bwera kwa Kambale, mtaalamu anayenifanyisha mazoezi hospitalini. Kwanza alinigombeza. Ngozi isiyo na hisia huungua bila mwenyewe kujua, na mimi lengelenge ninalo, siwezi kukana. Nikamweleza habari ya kovu langu na jinsi nilivyotaka kuliyeyusha. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Afande, acha kupiganisha ile kovu. Ile seli njo zilizungusha kidonda, isikule pahali penye bado iko muzima. Bila ile, leo haungesikia kitu."

Kumbe niliyemwita adui ndiye aliyelinda nyuzi chache za neva zilizosalia. Kambale hakunificha kwamba kovu hilo hilo lina ubaya wake: huzizuia nyuzi zilizokatika, na wataalamu bado wanaumiza vichwa juu yake. Lakini zile zilizobaki nzima, glia nyingine huweza kuzivika upya ganda lao la mafuta ili ujumbe upite, na mazoezi huzifundisha kazi mpya.

Kisha akanishika kisigino. "Sogeza kidole, afande."

Nimezoea kuamrisha gwaride. Mguu huu nimeuamrisha kwa sauti zote nilizo nazo, ukanidharau. Leo sikupaza sauti. Nilikifikiria tu kile kidole, kwa upole ambao makuruta wangu hawajawahi kuuona.

Kikapinda. Kidogo, kama mtoto anayejigeuza usingizini.

"Rudilia," akasema Kambale. Nikarudia, kikapinda tena, na safari hii Mama Biira alikiona kwa macho yake akaanza kumshukuru Mungu kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, kwa sauti, katikati ya wagonjwa.

Nimelia mbele ya raia.

Kambale ameonya kwamba kidole si hatua, na hajui nitafika wapi. Sawa. Hata mimi sijui. Ila lile swali la mwaka mzima limejibiwa, na jibu limetoka mwilini mwangu mwenyewe.

Kesho naanza kidole cha pili. Kambale amenitaka nisiwe na haraka. Nimemwambia sina haraka.

Nimemdanganya.