Mwanangu Haji Huko Fresno

Mtaa wa Misonobari, Na. 14,
Halvorsen, Minnesota.
8 Machi 2026

Haji, Dada Bouakham. Douangchay haji huko kwenu. Mwambieni mkuu wa hekalu lenu asimtandikie kitanda, mwanangu anabaki hapa hapa Halvorsen, na waliombakisha ni watu wa mji huu.

Sasa nikuamkie inavyostahili. Mpendwa dada yangu, hujambo? Magoti yanaendeleaje? Na shemeji Khamphanh, kifua kimepoa? Sisi wazima, ila baridi. Theluji bado iko usawa wa dirisha, na ile picha ya mpapai wako nimeibandika jikoni, naiangalia kwa wivu.

Najua mlikuwa mnamsubiri. Tangu avae joho la utawa kila hekalu linamtaka, na si ajabu. Ana sauti, ana adabu, na Kiingereza anakisema kama aliyezaliwa nacho, maana kweli alizaliwa nacho. Siku hizi namwita Khuba, kama mtawa yeyote, nampigia magoti, mimi niliyemfuta kamasi.

Shida yetu unaijua. Kule nyumbani mtawa alitoka alfajiri na bakuli lake, akawakuta akina mama mlangoni na wali wa kunata. Hapa alfajiri hakuna mtu mlangoni. Wote tuko kiwanda cha madirisha, hawa wanatoka zamu, hawa wanaingia. Watawa wakabaki kula vya kwenye friji tulivyowapelekea Jumapili. Ndipo Khuba akasema kama watu wako lango la kiwanda, bakuli nalo liende langoni.

Wazee walimcheka. Miguu mitupu kwenye theluji haiwezekani, kwa hiyo alivaa buti, juu ya joho akavaa koti zito la rangi ya chungwa, na kofia ya sufu niliyomfuma mwenyewe, ambayo huipati duka lolote. Mzee Sisouk akamtazama, akauliza, "Huyu ni mtawa au fundi wa barabara?" Aliposikia kwamba baraka itafupishwa iishe kabla ya king'ora cha zamu, akasema hiyo ni baraka iliyokatwa mkia.

Mkuu wetu akamruhusu ajaribu mpaka mwezi mpevu. Bakuli likijaa, abaki. Lisipojaa, aje kwenu kwenye watu wa kumlisha. Nikasema hilo dogo, mimi natoka zamu ya usiku saa hiyo hiyo, nitalijaza. Akaniambia taratibu, "Wali wako sitauhesabu. Mama hata kwenye moto angempelekea mwanawe chakula. Nataka kuuona mji."

Basi nikajiandaa kuuambia mji. Khuba akanizuia. "Mama, usimwambie mtu. Ukiwaambia walete, ni mimi nimeomba, na mtawa haombi."

Dada, unanijua. Mimi nikinunua sufuria, mtaa mzima unajua bei. Leo naambiwa ninyamaze, na mwanangu ndiye anayekaribia kuondoka. Kila asubuhi nilitia wali wangu, nikainama, nikaenda kukaa garini nimeuma skafu.

Wenzetu walitoa kidogo kidogo, wengi wakimwangalia Mzee Sisouk kwanza. Wamarekani walipita macho chini, wakidhani anaomba hela. Msimamizi wetu, Bwana Egeland, jitu refu lenye masharubu ya manjano, akataka kumtilia dola. Mtawa hagusi pesa, kwa hiyo Khuba akafunika bakuli, akatabasamu. Yule bwana akachukia. "Kwani hela yangu ina ugonjwa?" Tangu hapo watu wake wote wakawa wanapita upande wa pili, na mimi nikaanza kumtafutia mwanangu kandambili za kuvaa huko kwenu.

Jumanne iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Theluji inaanguka, bakulini bado mna wali wangu tu. Mara namwona Egeland anamwendea Khuba moja kwa moja, kashika kitu. Nikatoka garini mbio, nikidhani ni ugomvi. Aliponiona akanigeukia mimi, maana mimi ananijua kazini.

"Mke wangu kaniuliza huyu kijana anakula nini. Nikamwambia sijui, hela hataki. Akasema basi ana njaa, hayo si maringo. Kapika hizi."

Zilikuwa chapati zao za viazi, laini, zimepakwa siagi na sukari, bado za moto. Khuba akafunua bakuli.

"Huyu ni wako?" Egeland akaniuliza.

Nilikuwa na maneno ya siku zote zile mdomoni. Nikasema, "Ni wangu." Basi, hayo tu.

Nyuma yake wakaja wengine. Huyu nusu ya mkate wake wa nyama ya bata mzinga, huyu chungwa, huyu yai la kuchemsha. Khuba akaanza baraka yake fupi, na wale wanaume wakavua kofia, theluji inawaangukia vichwani. King'ora kikalia. Hakuna aliyeondoka mpaka amalize. Mzee Sisouk alikuwa pale, akaniambia kesho kijana aisome yote, asiikate.

Mkuu wetu alikula chapati moja, akauliza kama kuna nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake.

Kwa hiyo usinune, dada. Ninyi mna jua na mapapai, sisi tuachieni huyu. Ila Mwaka Mpya wetu watawa wote watasimama langoni, Khuba akiwa mbele, na mke wa Egeland anataka kuonyeshwa wali wa kunata unavyopikwa kwa mvuke. Nimeshamwambia dada yangu ndiye fundi, kwa hiyo usiniaibishe. Njooni na masweta.

Nisalimie shemeji, Phetsamone na mumewe, na Mama Douangta jirani yako. Wema wa Buddha uwafunike nyote, mlale salama na mwamke salama. Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukininunia,

Manivone

Nawangoja nyote, hata shemeji na kifua chake: Jumanne, tarehe 14 Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, langoni.